Wiki Moja Ufukweni Kusini mwa Ulaya kwa Watu Watano: Albania, Ugiriki au Italia?

«Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Arusha. Mwishoni mwa Agosti mimi na mama yetu mzazi tunatarajia kwenda Munich kwa mwezi mmoja kumtembelea dada yangu, ambaye anaishi Ujerumani kwa kibali cha ukaazi pamoja na wanawe wawili wenye umri wa miaka 6 na 9. Viza tutaomba kwa Ujerumani, na miadi yetu ni mwezi Juni. Tungependa wiki moja ya Septemba tuitumie baharini, maana watoto wanaidai kila siku, lakini tuna yuro 1,500 tu kwa watu wote watano, nauli ikiwemo. Rafiki wa dada anasema Italia na Ugiriki ni za matajiri; anatushauri turuke hadi Corfu, kisha tuvuke kwa boti kwenda Albania ambako kila kitu ni rahisi. Mama anaumwa magoti, na tena anahofia kwamba maji ya Ulaya ni ya baridi. Je, ushauri huo ni sahihi? Na tukishafika Albania, hatutasumbuliwa wakati wa kurudi?»

Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kuuliza mapema, kabla ya miadi ya viza, kwa sababu jambo zito kuliko yote katika swali lako umeliweka mwishoni kabisa, na bado lina nafasi ya kurekebishwa. Ushauri wa rafiki wa dada yako unaweza kumfaa dada yako mwenyewe. Kwako wewe na mama unaweza kuwa na matokeo mabaya sana, hata kama boti ni salama, bahari ni nzuri na Waalbania ni watu wakarimu. Nitaanza na hilo, kisha nitaeleza kwa nini naona familia yenu itapata wiki nzuri zaidi katika mji mdogo wa Italia ambao rafiki huyo huenda hajaufikiria.

Nchi 29 za eneo la Schengen, zikiwemo Ujerumani, Italia na Ugiriki, zichukulie kama nyumba moja yenye vyumba vingi na mlango mmoja wa mbele. Ukishaingia, unapita kutoka chumba kimoja hadi kingine bila viza mpya. Albania haimo katika nyumba hiyo. Boti inapotoka bandari ya Corfu, kisiwa cha Ugiriki, kwenda Sarandë, mji wa pwani ya Albania, safari ya takribani nusu saa kwa boti ziendazo kasi, abiria hupita kwanza kwa maofisa wa mpaka wa Ugiriki, na kutoka kwako Schengen kunasajiliwa. Tangu Oktoba 2025 usajili huo umeanza kufanywa kwa mfumo wa kompyuta unaochukua alama za vidole na picha ya uso badala ya muhuri, kwa hiyo usitegemee kwamba kuna ofisa atakayesahau.

Sasa itazame stika ya viza utakayobandikiwa kwenye pasipoti. Juu yake kuna tarehe za kuanza na kuisha, kuna idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa, na kuna sehemu ya idadi ya kuingia, ambapo huandikwa 01, 02 au MULT. Watu wengi husoma tarehe na siku, wakaishia hapo. Ikiwa stika yako imeandikwa 01, basi kuingia kwako kupitia uwanja wa ndege wa Munich kumeshatumia nafasi hiyo moja, na siku utakayovuka kwenda Sarandë viza hiyo imekwisha kazi, hata kama tarehe zake bado zinaonyesha wiki tatu mbele. Ukirudi Corfu kesho yake utakataliwa, au kampuni ya boti itakukatalia kupanda kabla hujafika huko, na, kama Albania yenyewe imewaruhusu kuingia, utajikuta huko pamoja na mama yako huku tiketi zenu za kurudi nyumbani zikiwa za kutokea Munich.

Dada yako hana tatizo hilo. Kibali cha ukaazi cha Ujerumani kilicho hai humruhusu kutoka na kurudi, na Albania huwapokea bila viza wenye vibali vya ukaazi vya nchi za Schengen kwa muda usiozidi siku 90 ndani ya siku 180. Nadhani ndiyo maana rafiki yake hakuliona tatizo: wageni wanaoishi Ulaya huzoea kuvuka mipaka kwa kadi zao, na ni rahisi kusahau kwamba mgeni aliyekuja kutembea ana masharti tofauti. Kwa wenye viza za muda mfupi, Albania hukubali viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi ambayo imekwisha kutumika. Pasipoti ya Tanzania peke yake haitoshi.

Mkiitaka Albania kwa moyo wote, njia halali ipo. Fomu ya maombi ina sehemu ya kuonyesha idadi ya kuingia unayoomba, na pale unaweza kuomba zaidi ya mara moja, ukaambatanisha mpango wa safari unaotaja Albania waziwazi pamoja na barua ya maelezo mafupi. Lakini kuomba si kupewa. Kanuni za viza za Ulaya hutoa viza ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi hasa kwa mtu aliyekwisha kupata na kutumia vizuri viza tatu katika miaka miwili iliyotangulia, na anayekwenda kwa mara ya kwanza mara nyingi hupewa 01. Kwa sababu hiyo msilipie chochote cha Albania kabla ya kuiona stika. Kumbukeni pia kwamba bima ya safari inayodaiwa kwa viza, ile yenye kinga isiyopungua yuro 30,000, inatakiwa kugharamia nchi za Schengen. Kama haijaitaja Albania, mama akianguka kwenye ngazi za Sarandë gharama ni zenu.

Tuje kwenye bei. Ni kweli kwamba Albania bado ni nafuu kwa chumba, kwa mkate na kwa vyakula vya mtaani kama byrek, ambayo ni mikate ya tabaka jembamba iliyojazwa jibini, mboga au nyama. Hata hivyo sifa ya urahisi wake ilijengwa miaka ambayo yuro moja ilibadilishwa kwa zaidi ya leki 120, fedha ya Albania. Katika miaka ya karibuni imeshuka hadi karibu leki 100, maana yake hata kama muuza duka hakupandisha bei yake hata leki moja, yuro yako inanunua pungufu kwa karibu moja ya tano. Juu ya hilo, miji iliyopata umaarufu mkubwa, hasa Ksamil, imejaza vitanda vya kukodi karibu kila kipande cha ufuko wakati wa kiangazi. Ongeza nauli ya boti: kwa watu wazima watatu, kwenda na kurudi, kwa tiketi ya yuro 20 hadi 30 kila upande, ni yuro 120 hadi 180, kabla hujawahesabu watoto na kabla ya tiketi tano za ndege za kwenda Corfu. Akiba mliyoifuata itakuwa imebaki baharini.

Kinachoamua gharama ya wiki ya ufukweni si jina la nchi. Ni mwezi, ni fedha unayotozwa ili ukae mchangani, na ni kama unahitaji gari. Italia inaogopwa kwa sababu ya jambo hilo la pili, na kwa kuwa halielezwi vizuri, ningependa nilikalie kidogo.

Ufuko wa Italia ni mali ya umma, lakini serikali hukodisha sehemu zake kwa wafanyabiashara wanaopanga miavuli na vitanda kwa safu, na kila safu ina bei yake; ya mbele karibu na maji ni ghali, ya nyuma ni nafuu. Katika pwani ya Adriatiki, yaani upande wa mashariki wa Italia, mwavuli mmoja na vitanda viwili kwa kawaida ni kama yuro 20 hadi 30 kwa siku. Kwa siku saba hizo ni yuro 140 hadi 210, na kwa bajeti yenu ni fedha nyingi. Mgeni akishauona msitari huo mrefu wa miavuli ya rangi moja hudhani kwamba bila kulipa hakuna pa kukaa. Si kweli. Kati ya sehemu hizo zilizokodishwa kuna vipande vilivyoachwa wazi ambavyo vibao vyake vimeandikwa spiaggia libera, na pale unatandika taulo lako, unasimika mwavuli wako, na hudaiwi hata senti. Tena ule ukanda wa mchanga unaogusana na maji lazima ubaki wazi kwa watu wote kupita, hata mbele ya miavuli ya kulipia. Mwavuli wa kununua dukani pamoja na kiti cha kukunja cha mama hurudisha gharama yake ndani ya siku mbili, na siku moja ambayo mama amechoka mnaweza kulipia kitanda cha safu ya nyuma bila kuumia.

Kuhusu mwezi, ninyi mna bahati kuliko familia nyingi. Likizo za shule za Bavaria, jimbo la Munich, huendelea hadi katikati ya Septemba, ilhali Waitalia wengi hupumzika Agosti, kilele kikiwa sikukuu ya tarehe 15. Wiki ya mwisho ya Agosti ikipita wanarudi makazini, na nyumba iliyokuwa haishikiki inaanza kutafuta mpangaji. Lengeni wiki ya kwanza ya Septemba, au mwanzo wa ya pili. Msichelewe zaidi ya hapo, kwa maana waokoaji hupungua, vibanda hufungwa, na mabasi ya kiangazi huanza kuondolewa.

Mama naomba mumtoe hofu ya maji, na hapa kuna sababu inayoeleweka. Bahari hupata joto polepole na hulipoteza polepole, kwa hiyo ingawa jua kali zaidi la Ulaya ni la Juni, maji huendelea kukusanya joto kiangazi chote na mwanzoni mwa Septemba bado yanalo. Pwani ya kati ya Adriatiki wakati huo huwa na nyuzi 23 hadi 25 za Selsiasi, ambazo hazipo mbali na maji ya Zanzibar katika miezi yake ya kipupwe. Anayeeleza bahari ya Ulaya kuwa ya barafu huenda aliogelea Ureno magharibi au Bahari ya Kaskazini. Kuna tofauti nyingine itakayowafurahisha watoto. Katika pwani yetu, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa takribani mita nne, na mtu husubiri saa zake ili aogelee. Kule tofauti hiyo kwa kawaida haifiki nusu mita. Asubuhi, mchana na jioni maji yako palepale.

Mji ninaowapendekezea ni Senigallia, katika jimbo la Marche. Nimeuchagua kwa sababu ya magoti ya mama kuliko sababu nyingine yoyote. Sarandë umejengwa kwenye mteremko na mitaa yake mingi ni ngazi. Parga ya Ugiriki, ambayo picha zake huvutia mno, nayo ni ya kupanda na kushuka. Senigallia ni tambarare. Reli ya Adriatiki inapita sambamba na bahari, na kutoka stesheni hadi mchangani ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mchanga wake ni laini mno, bila kokoto zinazoumiza nyayo kama zilivyo fuko nyingi za Albania, na maji hubaki mafupi kwa hatua nyingi, hivyo mtoto wa miaka sita anaweza kucheza huku mama akimwona vizuri kutoka kwenye kiti chake. Ufuko una urefu wa takribani kilomita 13, nao una vipande vya bure. Jioni watu hutembea hadi Rotonda a Mare, jengo la mviringo lililosimama juu ya maji tangu 1933, na matembezi hayo hayana kiingilio.

Kutoka Munich kuna treni zinazopita Austria na njia ya milimani ya Brenner hadi Verona na Bologna, kama saa saba hivi, kisha treni ya kawaida ya Bologna hadi Senigallia kwa saa mbili na ushee. Ni safari ya siku nzima, nakiri, lakini hakuna gari la kukodi, hakuna ada ya mizigo, na mama anaweza kusimama na kunyoosha miguu. Tiketi za bei ya chini hutolewa kwa idadi maalumu na huisha mapema, hivyo dada azinunue mara tu viza zitakapotoka, baada ya kuhakikisha kwamba njia ya Brenner haijafungwa kwa matengenezo siku hizo. Kila mtu, watoto wakiwemo, awe na pasipoti yake mkononi na dada awe na kadi yake ya ukaazi, kwa sababu polisi wa Ujerumani hukagua treni zinazotoka kusini licha ya kwamba ni ndani ya Schengen.

Nyumba yenye jiko ndiyo itakayookoa bajeti yenu, kuliko hoteli yoyote. Tangu Januari 2025 kila nyumba ya kupangisha watalii nchini Italia inatakiwa kuonyesha katika tangazo lake nambari ya utambulisho iitwayo CIN. Tangazo lisilo na nambari hiyo, hasa linalowataka mtume fedha nje ya jukwaa la malipo, liacheni. Mwenye nyumba akiomba pasipoti zenu msishtuke, kwani sheria inamtaka awasilishe majina ya wageni polisi. Tarajieni kodi ndogo ya mji kwa kila mtu mzima kwa usiku.

Mkila nje, someni orodha ya bei kwa makini kwenye samaki. Bei iliyoandikwa all'etto ni ya gramu 100, si ya sahani, na samaki mmoja wa kushibisha watu wawili anaweza kuwa mara nane ya namba mliyoiona. Pia kuna coperto, malipo ya meza kwa kila aliyeketi, ambayo ni halali iwapo imeandikwa. Kwa watoto, pizza inayouzwa kwa vipande itawatosha mchana.

Ugiriki nayo si ya matajiri ukiacha visiwa vyenye majina makubwa. Preveza, katika bara la magharibi, ni mji mzuri, wenye sehemu ya chini iliyo tambarare na bahari ya joto zaidi kidogo kuliko Adriatiki. Kinachonifanya niiweke ya pili ni kwamba fuko zake ndefu zipo nje ya mji na bila gari mtategemea mabasi, na kwamba fleti hutozwa ada ya serikali ya yuro 8 kwa usiku katika miezi ya kiangazi, yaani yuro 56 kwa wiki juu ya bei mliyokubaliana. Bulgaria, iliyoingia Schengen kikamilifu Januari 2025, ina miji ya bei nafuu kwenye Bahari Nyeusi kama Pomorie na Sozopol, na kwa viza zenu hakuna kikwazo. Umbali na ndege ndizo zitakazoamua.

Upungufu wa Senigallia nisiufiche. Ni mji wa wakazi na wa familia za Kiitalia, si mahali pa maji ya buluu kama yale ya kadi za posta; baada ya upepo maji huchafuka kwa mchanga. Nayo mvua ya Septemba inaweza kuwa kali: katikati ya Septemba 2022 bonde la mto Misa, unaopita katikati ya mji huo, lilipata mafuriko yaliyoua watu. Hiyo ni sababu nyingine ya kutochelewa, na ya kutazama tangazo la hali ya hewa la jimbo kabla ya kuondoka.

Kuna mambo matatu ambayo maandishi yangu hayatoshi, na mnapaswa kwenda wenyewe. Katika miadi ya Juni, mwambieni ofisa kwamba mtakaa Ujerumani wiki tatu na Italia wiki moja, mkiwa na mpango uleule kwenye karatasi. Kwa kuwa siku nyingi ni za Ujerumani, ombi lenu liko mahali sahihi, na safari ya Italia si ya kuficha. Msimlipe wakala anayeahidi viza ya MULT, kwa maana hana mamlaka hayo. Dada aitazame tarehe ya kadi yake leo: kama inaisha kabla ya Oktoba, au kama anatembea na karatasi ya muda huku akisubiri kadi mpya, aende ofisi ya uhamiaji ya Munich aulize kwa maandishi iwapo karatasi yake inamruhusu kutoka na kurudi, kwani baadhi humruhusu na nyingine hazimruhusu. Na mama aonane na daktari wake Arusha wiki kadhaa kabla ya kuruka, aulize kuhusu kukaa kwa saa nyingi kwenye ndege na treni, na apewe barua yenye majina ya kitaalamu ya dawa zake, ambazo azibebe kwenye mkoba wa mkononi na si kwenye sanduku.